Mtungi wa Mjomba: Kitu Kilichotoka Kwenye Meli Iliyozama ni cha Nani?

Ukumbini kwa mjomba wangu, kaskazini mwa Unguja, kuna mtungi ambao nimeukuta tangu nina akili. Ulipanda na nyavu msimu mmoja wa kaskazi, kabla mimi sijazaliwa. Shingo yake ni nzima, mkono mmoja umekatika, na ubavuni umegandwa na vijumba vyeupe vya wadudu wa baharini, vimejikunja kama tambi zilizomwagika. Chini ya vijumba hivyo kuna mng'ao wa rangi baina ya kijani na buluu. Mwanzo ulitiwa maji, yakavuja. Ukasukumwa uvunguni. Binti wa mjomba alipoolewa, mkaza mjomba akautoa, akausugua kwa mchanga na ndimu mpaka ukang'ara, akautia maua ya plastiki. Miezi michache baadaye ule mng'ao ukaanza kubanduka vipande vidogo kama magamba ya changu, na kila palipobanduka pakawa panatoka unga mweupe. Wakiupangusa, unarudi. Wakadhani ni ukungu.

Mwaka jana akaja mnunuzi wa vitu vya kale. Akauzunguka, akaupiga picha, akataja bei kwa dola. Mjomba akamwambia apite siku nyingine. Jioni hiyo simu yangu ikalia.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, wewe unayesoma haya mambo. Huu mtungi ni wangu niuuze, au nitakuwa nimeuza cha watu?"

Nilimwomba anipe muda, kwa sababu swali lake lina nyuzi kadhaa zilizosukwa pamoja kama ukili. Nani alikuwa mwenye chombo kilichozama? Sakafu ya bahari pale ni ya nani? Kitu kimelala chini muda gani? Na kimetoka vipi, kwa bahati au kwa kutafutwa? Wengi wetu hushika uzi mmoja tu, ule usemao kwamba aliyeokota ndiye mwenyewe, na huo ndio dhaifu kuliko yote. Haya ndiyo niliyomjibu, nimeyaandika kwa urefu kidogo kwa sababu mtungi wa mjomba hauko peke yake. Nimeona vitu vya namna hiyo katika nyumba nyingi za pwani, Unguja na Pemba.

Meli zilizo mbele ya Forodhani

Tuanze na meli zinazojulikana. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kikali kilipiga Unguja. Kiling'oa mikarafuu na minazi, na Pemba iliposalimika ndipo ikaanza kuipita Unguja kwa karafuu. Bandarini kilivunja meli za Sultani, Sayyid Barghash. Mojawapo iliyotupwa pwani ilikuwa El Majidi, chombo chenye maisha ya ajabu: kabla ya kununuliwa na Sayyid Majid kilikuwa CSS Shenandoah, manowari ya majimbo ya kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Ili kuziba pengo, Barghash aliagiza meli mpya Scotland, kwenye karakana ya William Denny and Brothers mjini Dumbarton. Ikaundwa 1878 kwa mfano wa manowari ya Kiingereza iitwayo Glasgow, nayo ikapewa jina hilohilo.

Glasgow ya Sultani ilikuwa imetia nanga mbele ya kasri asubuhi ya 27 Agosti 1896, siku Waingereza walipompiga mizinga Sayyid Khalid bin Barghash. Vita havikufika saa nzima. Glasgow ilijibu, ikatobolewa, ikazama. Kwa kuwa hapakuwa na kina kirefu, milingoti yake mitatu ilibaki nje ya maji, na kwa miaka 16 watu wa mji walikuwa wakiamka wanaiona. Mwaka 1912 ikaletwa kampuni ya kuopoa. Meli ikavunjwavunjwa, na sehemu kubwa ya vipande ikatupwa tena baharini. Kilichopo leo ni mabaki yaliyotawanyika mchangani, na wazamiaji hupelekwa kuyaona.

Ipo Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za telegrafu, iliyopanda mwamba karibu na mji mwishoni mwa 1902. Na ipo Pegasus.

Pegasus ilikuwa manowari ya Kiingereza. Alfajiri ya 20 Septemba 1914 ilikuwa imesimama bandarini ikitengenezwa mitambo, haiwezi kuondoka. Königsberg ya Wajerumani ikatoka mafichoni kwenye delta ya Rufiji, ikaja, ikaipiga kwa mbali, pahala ambapo mizinga ya Pegasus haikuweza kufika. Walikufa mabaharia 38. Baadhi yao wamezikwa Chapwani, kisiwa ambacho wageni hukiita Kisiwa cha Makaburi. Mizinga ya Pegasus iliopolewa haraka ikapelekwa nchi kavu kupigana na Wajerumani; Königsberg nayo ilipoangamizwa Rufiji mwezi Julai 1915, Wajerumani wakafanya vilevile kwa mizinga yao. Leo mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg imewekwa pamoja Ngome ya Yesu, Mombasa. Mabaki ya Pegasus yenyewe yaliuzwa 1955 kama chuma chakavu.

Nimetaja za chuma kwa sababu zina majina na tarehe. Lakini bahari yetu ilisafiriwa kwa mbao zaidi ya miaka elfu kabla ya hapo, kwa mitepe iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila msumari hata mmoja. Chombo cha namna hiyo kikizama, mbao zilizo juu ya mchanga huliwa na wadudu kwa miaka michache tu. Kinachosalia ni shehena: vigae, shanga, vipande vya kaure, nanga za mawe. Ndiyo maana mvuvi anaweza kuvua juu ya mtepe uliozama maisha yake yote, na alama pekee aliyoiona ikawa mtungi mmoja uliokwama kwenye nyavu.

Kuopoa si kumiliki

Sheria ya bahari inatofautisha mambo mawili ambayo mitaani tunayachanganya. Mtu akiokoa chombo kilicho hatarini au mali iliyomo, anastahili ujira, na ujira huo unaweza kuwa mkubwa. Lakini mali hubaki ya mwenyewe. Kama mwenyewe alikuwa na bima na amelipwa, haki huhamia kwa aliyelipa. Mfano maarufu ni Lutine, iliyozama 1799 pwani ya Uholanzi ikiwa na dhahabu. Watu wa bima wa Lloyd's walilipa hasara, basi meli ikawa yao, na kengele yake iliyoopolewa 1858 imetundikwa ofisini kwao London mpaka leo. Karne nzima na zaidi chini ya maji peke yake haiondoi umiliki.

Kwa manowari sheria ni kali zaidi. Manowari ni mali ya dola iliyoituma, hata ikizama bahari ya mbali, mpaka dola hiyo yenyewe iiache au iiuze. Mwaka 2007 kampuni moja ya Marekani iliopoa zaidi ya sarafu nusu milioni kutoka kwenye Nuestra Señora de las Mercedes, manowari ya Hispania iliyolipuliwa na Waingereza 1804. Sarafu zikasafirishwa kwa ndege hadi Florida. Hispania ikaenda mahakamani huko huko Marekani, ikashinda, na mwaka 2012 shehena yote ikapakiwa kurudishwa Madrid. Kampuni haikupata kitu kwa kazi yake.

Tukirudi kwetu: Pegasus iliuzwa na waliokuwa wenyewe, kwa hiyo hoja ya mali ya dola imepungua nguvu. Glasgow ilikuwa ya dola ya Zanzibar, na kwa akili yangu mrithi wa dola ile ni Serikali ya Mapinduzi, basi kipande cha Glasgow ni cha umma wa Zanzibar kama lilivyo jengo la Beit al-Ajaib. Chombo cha mbao kisicho na jina wala mwenye kudai, hapo ndipo sheria ya mambo ya kale inapochukua nafasi. Mambo ya kale hayamo katika orodha ya mambo ya Muungano. Bara wana Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Zanzibar ina sheria zake, ambazo mizizi yake inatoka enzi za Waingereza, na ina idara yake ya makumbusho na mambo ya kale. Kwa hiyo mtu wa Nungwi au Wete asitafute jibu lake Dar es Salaam.

Juu ya hayo kuna Mkataba wa UNESCO wa Kulinda Urithi wa Kitamaduni Ulio Chini ya Maji, uliopitishwa Paris 2 Novemba 2001 na kuanza kutumika 2 Januari 2009. Mkataba huu umeweka kipimo cha wazi: alama yoyote ya maisha ya watu iliyo chini ya maji kwa miaka 100 au zaidi ni urithi. Unasema kuiacha palepale ilipo ndilo chaguo la kwanza kufikiriwa, na unakataza kuchukua vitu hivyo kwa biashara. Kwa kipimo hicho Glasgow na Great Northern zimeshapita, Pegasus ilitimiza miaka mia 2014, na meli ya mizigo ya Kigiriki iliyoangukia mwamba wa Panza, kusini mwa Pemba, bado.

Wapo wanaouliza sheria ya dini inasemaje, na kwa Mzanzibari hilo ni swali la haki kabisa. Kitu kilichookotwa, lukata, kina taratibu zake: aliyeokota hukitambua sifa zake, hukitangaza mwaka mzima, na hukishika kama amana huku akimsubiri mwenyewe. Hukumu ya kilichotolewa chini ya bahari baada ya wenyewe kukata tamaa wanazuoni wameijadili kwa njia yake, nami nawaachia wao. Ninachokiona ni kwamba hata huko mtu haanzi na kuuza. Anaanza na kutangaza.

Kuna uzi mmoja ambao hauandikwi vizuri katika sheria yoyote, nao ni wa waliokufa. Usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 Spice Islander ilizama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Sidhani kuna shehia ya Pemba ambayo haikulia. Sasa tufikirie mtu akiibuka miaka kadhaa baadaye na kiatu cha mtoto au mkoba kutoka ndani ya chombo kile, akaviweka kabatini kama pambo, au akavitia bei. Hakuna kati yetu ambaye angelistahimili hilo, na hakuna ambaye angengoja miaka mia itimie ndipo aone vibaya. Vijana 38 wa Pegasus nao walikuwa na mama zao. Mabaki ya chombo kilichozama na watu ni makaburi kwanza. Mambo mengine yanafuata.

Sarafu za Mtambwe

Nilipofika hapa katika maelezo yangu, mjomba alinikatisha. "Sawa, haya ya umiliki nimeyaelewa. Lakini mtungi umeshatoka. Ukikaa kwangu au ukikaa kwa Mzungu, bahari inapungukiwa nini?"

Kwangu hili ndilo shina la jambo zima. Nikamjibu kwa kisa cha Pemba ambacho si cha baharini hata kidogo. Mwaka 1984, wachimbaji wa mambo ya kale huko Mtambwe Mkuu, kisiwa kidogo karibu na Wete, walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000. Nyingi mno zilikuwa za fedha, ndogo na nyembamba, zenye jina la mtawala upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mwenyezi Mungu upande wa pili, pande mbili zikifungana kwa vina. Hazikuwa na mwaka. Kwa hizo peke yake ungebaki unabahatisha zilipigwa karne gani. Lakini katika fungu hilohilo mlikuwa na dinari chache za dhahabu za Wafatimiya wa Misri, na sarafu za Wafatimiya zina mwaka. Dhahabu ikaisemea fedha. Ikajulikana kwamba karne ya 11 watu wa pwani hii walikuwa wakipiga sarafu zao wenyewe, kwa majina ya watawala wao, kwa vina.

Sasa tuseme fungu lile lingefukuliwa na mtu aliyekuwa akichimba msingi wa nyumba. Dhahabu ingekwenda kwa sonara, ikayeyushwa ikawa vipuli. Vile vidude vidogo vyepesi vya fedha vingechezewa na watoto. Kila kipande kingekuwepo mahali fulani duniani, na bado tungekuwa tumepoteza kila kitu, kwa sababu kilichotupa jibu ni ujirani wao ardhini.

Chombo kilichozama ni ujirani wa namna hiyo, tena bora zaidi, kwa sababu vyote vilikwenda chini saa moja. Sufuria ya mpishi, mizani ya mfanyabiashara, tasbihi ya baharia, mawe ya kulisawazisha tumbo la chombo, kila kimoja kinamshuhudia mwenzake. Mpangilio wake mchangani unaonyesha omo, yaani sehemu ya mbele ya chombo, ilielekea wapi, shehena ya nani ilikaa juu, chombo kilipigwa na mwamba au kilielemewa. Ukichomoa mtungi mmoja, umechukua herufi moja na kuiharibu sentensi.

Dunia ina mifano ya pande zote mbili. Mwaka 1985 mwopoaji Michael Hatcher aliipata Geldermalsen, meli ya Kiholanzi iliyozama 1752 Bahari ya China Kusini. Akatoa vipande vya kaure zaidi ya laki moja na vipande vya dhahabu, na mwaka uliofuata vikapigwa mnada na Christie's mjini Amsterdam kwa mamilioni ya pauni. Sahani na vikombe vikatawanyika majumbani dunia nzima, na meli yenyewe, jinsi ilivyojengwa na kupakiwa, ikabaki karibu bila kuelezwa. Hasira iliyofuata mnada ule ni miongoni mwa zilizozaa mkataba wa 2001.

Upande wa pili uko jirani yetu. Santo António de Tanná, manowari ya Wareno iliyokuja kuokoa ngome iliyozingirwa na Waomani, ilizama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697. Ilichimbwa kitaalamu kati ya 1977 na 1980. Wazamiaji waligawanya sakafu ya bahari kwa miraba, wakachora na kuhesabu kila kitu palepale kabla ya kukigusa. Vyombo vikapandishwa na kutibiwa, vimo makumbusho ya Ngome hadi leo, na mtoto wa Mombasa anaviona vyote katika chumba kimoja. Ubao wa chini wa meli ulipimwa ukaachwa baharini. Kazi ile haikumtajirisha mtu, lakini kila kilichotoka kinajulikana kimetoka wapi.

Halafu kuna kisa kisichokaa vizuri upande wowote, nacho kinatugusa. Mwaka 1998 wazamiaji wa majongoo bahari huko Belitung, Indonesia, waliangukia vyungu vya Kichina. Vilikuwa shehena ya chombo cha karne ya 9, vipande takriban 60,000, na bakuli mojawapo lilikuwa na tarehe sawa na mwaka 826. Chombo chenyewe hakikuwa cha Kichina. Kilikuwa kimeshonwa kwa kamba bila misumari, kama mtepe, na baadhi ya mbao zake ni za mti wa Afrika wa jamii ya mbambakofi. Kiliopolewa na kampuni binafsi, kwa kasi, kwa nia ya kuuza. 2005 shehena ikanunuliwa kwa ajili ya Singapore kwa takriban dola milioni 32, ikabaki pamoja. Mwaka 2011 taasisi ya makumbusho ya Smithsonian ya Washington ilifuta mpango wa kuionyesha kwa sababu ya jinsi ilivyotolewa. Nimebishana na rafiki zangu kuhusu uamuzi huo. Wao wanasema shehena haikutawanyika, basi tushukuru. Mimi nawaza ni mangapi tungejua kuhusu ndugu huyo wa mitepe yetu kama waopoaji wangetulia. Mtepe wa mfano uliojengwa 2003 na kuwekwa ndani ya Beit al-Ajaib ulitengenezwa kwa kumbukumbu na michoro, maana mtepe wa kweli wa kuushika kwa mikono hatukuwa nao. Na sehemu ya Beit al-Ajaib yenyewe ikaanguka 25 Desemba 2020.

Unga mweupe

Unga mweupe ulio kwenye mtungi haukuwa ukungu. Ilikuwa chumvi.

Udongo wa kuchoma una vinyweleo. Ukikaa baharini karne nyingi, maji ya chumvi huingia mpaka ndani kabisa, na maadamu umo majini hakuna kinachotokea. Vyote viko sawa. Ukiutoa ukauacha ukauke, maji yanaondoka na chumvi inabaki. Inajenga vidonge vidogo vigumu ndani ya vinyweleo, hasa chini ya ule mng'ao, na vidonge vikikua vinausukuma mng'ao ubanduke. Msimu wa masika hewa ikiwa na unyevu chumvi inayeyuka, kiangazi inaganda tena, na kila mzunguko unabandua kidogo. Mkaza mjomba alidhani anausafisha. Ndimu ilikula vijumba vya chokaa na sehemu ya mng'ao, na ukaukaji ukafanya yaliyobaki.

Chuma ni kibaya zaidi. Mzinga uliotoka baharini huonekana mzima, lakini chumvi imeingia ndani yake, na ukiachwa uani unaweza kupasuka na kumenyuka tabaka kwa tabaka. Tiba yake ni kuulaza kwenye maji ya dawa yanayopitishiwa umeme kidogo, kwa miaka. Mbao ndiyo huchukua umri wa mtu: mbao za Mary Rose, manowari ya Kiingereza iliyopandishwa 1982, zilinyunyiziwa mfululizo kwa zaidi ya miaka 30, maji kwanza halafu nta inayoyeyuka majini, kabla ya kuruhusiwa kukauka. Kaure huvumilia zaidi kwa kuwa haina vinyweleo, na ndiyo sababu mojawapo wafanyabiashara huipenda.

Kwa hiyo nyavu zikipandisha kitu leo, usikisugue, usiligonge lile ganda, usikianike. Kitie kwenye ndoo ya maji yaleyale ya bahari. Kipige picha, na muhimu kuliko yote, andika ulipokuwa: wavuvi wetu hawahitaji mtambo kwa hilo, wanajua kulinganisha mnara wa taa na mnazi uliopinda, na kichwa cha kisiwa na paa la msikiti. Kisha mwambie sheha, akufikishe idara ya mambo ya kale. Kama kinafanana na kombora au risasi ya mzinga, kiache chini na uondoke, kwa maana baruti ya zamani haiaminiki, na wanaokata chuma chakavu ndio huumia kwanza.

Najua kinachomzuia mvuvi kusema. Mabaki ya meli ni nyumba ya samaki. Chewa na changu hujaa humo, na anayeijua alama haigawi. Siri hiyo imeyalinda mabaki mengi kuliko sheria. Sitaki ivunjwe kwa watalii wala kwa wanunuzi. Idara inaweza kutunza siri ya mahali na mvuvi akaendelea kuvua juu yake kwa mshipi.

Na najua kuhusu pesa. Mnunuzi alimtajia mjomba kiasi ambacho kingebadilisha mashine ya boti yake, na serikali haikuwa na bahasha ya kumpa. Ningependa siku moja iwepo zawadi ya halali kwa anayetoa taarifa, kwa sababu kumwambia mtu maskini "ni urithi wetu sote" na kumwachia yeye peke yake gharama hiyo si haki.

Kwa wanaopenda kukusanya, na wapo wengi wenye mapenzi ya kweli: dira na madirisha ya duara ya shaba yanayouzwa kwa watalii katika Mji Mkongwe kama "ya meli iliyozama" mara nyingi hayajawahi kuona bahari. Mji wa Moradabad nchini India hufua shaba za mtindo huo kwa wingi, na nyingine za kweli hutoka Alang, Gujarat, ambako meli kuukuu huvunjwa kihalali. Hizo za Alang ukiwa na karatasi zake hakuna ubaya. Kinachokupasa ni kuuliza karatasi. Kitu kilichokaa baharini kweli huwa na dalili: mchubuko wa mchanga upande mmoja, vijumba vya wadudu ndani ya pembe ambazo mtu hawezi kuvibandika. Ukiziona dalili hizo na karatasi hakuna, usinunue, hata kama nia yako ni kukihifadhi. Pesa yako ndiyo itakayomrudisha mzamiaji chini.

Mtungi haukuuzwa. Mtaalamu niliyemwonyesha picha aliniambia vigae vya mng'ao kama ule vimechimbuliwa kwa wingi Unguja Ukuu, bandari iliyochangamka karne ya 8 na ya 9, na vililetwa kutoka Ghuba. Lakini mitungi yenye mng'ao wa karibu na huo iliendelea kutengenezwa huko karne nyingi baadaye. Akauliza kilichotoka pamoja nao. Nikamuuliza mjomba, akakumbuka kulikuwa na "vipande vipande vingine, tukavitupa."

Sasa mtungi umo ndani ya beseni la maji baridi chini ya mwembe, maji yanabadilishwa kila baada ya siku kadhaa, na mkaza mjomba amefunika kwa kawa watoto wasichokoe. Ijumaa iliyopita, baada ya sala, mjomba alichukua kalenda ya mwaka uliopita, akaigeuza, akaanza kuchora: mnara, mnazi ambao sasa haupo lakini kisiki chake kipo, mdomo wa mkondo. Akasita na kalamu hewani, akamwita aliyekuwa baharia wake, mzee mwenzake, wakaanza kubishana kama usiku ule walikuwa upande wa kusi wa fungu au wa kaskazi.